UZI: Nani kampaka rangi? Uteuzi asilia na kujificha kwa wanyama, kuanzia machungwa ya Muheza hadi miamba ya Kigombe

#1 MwlPongwe

Wanajamvi, habari za asubuhi.

Kwenye madaftari ya kidato cha nne, mada ya mageuko, kuna jibu linalojirudia mwaka hadi mwaka: mnyama aliona maadui wamezidi, akabadilisha rangi ajifiche, watoto wake wakairithi. Kila kipande cha jibu hilo kina harufu ya ukweli, ila mpangilio umepinduliwa. Nafungua uzi huu tuupange upya, na inapowezekana tutumie wanyama wa mkoa wetu.

Hoja ya uteuzi asilia ya wanasayansi wa Uingereza Darwin na Wallace, iliyosomwa London Julai 1858, inasimama juu ya mambo matatu. Wanyama wa spishi moja hawafanani. Sehemu ya tofauti hizo hurithiwa. Na wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaofika umri wa kuzaa, huku baadhi ya tofauti zikimsaidia mwenye nazo kufika. Yakiwepo yote matatu, sura ya kundi itabadilika vizazi vikienda, na hakuna mnyama anayetakiwa kukusudia lolote. Adui hambadilishi mtu rangi. Anakula wanaoonekana upesi, basi. Waliobaki ndio wanaozaa.

Hesabu yake ni ya kalamu na karatasi. Chukua viwavi 10,000. Kati yao 100, yaani asilimia 1, wana doa linalowaficha kidogo zaidi. Wa kawaida wanapona 20 kwa kila 1,000, wenye doa wanapona 22 kwa kila 1,000. Tofauti ya viwavi 2 katika elfu hakuna mkulima atakayeigundua. Kizazi kimoja kikipita, wa kawaida waliopona ni 198, wenye doa ni 2.2 kwa wastani, kwa hiyo sehemu yao imepanda kutoka asilimia 1 hadi karibu 1.1. Endelea hivyo hivyo, ukichukulia kila mtoto anafanana na mzazi: kwenye kizazi cha 48 hivi wanafika nusu, kwenye kizazi cha 96 hivi ni asilimia 99. Kwa mdudu mwenye vizazi 5 kwa mwaka hiyo ni kama miaka 10 kufika nusu, na mingine 10 kulichukua kundi karibu lote.

Karibuni na mifano. Ombi moja: mtu aeleze kitu kinavyofanya kazi na pale kinaposhindwa. Picha za "maajabu ya dunia" zina nyuzi zake.

#2 NondoWaAmani

Mwalimu, kabla hatujaenda mbali, hesabu yako ina sharti. Jeni (kipande cha urithi) la aina ambayo haionekani mpaka mtoto alipate kwa baba na kwa mama pia linaanza taratibu mno. Likiwa asilimia 1 ya nakala zote kwenye kundi, anayeonyesha hilo doa ni mmoja tu kati ya 10,000. Ndege hana cha kuchagua hapo. Jeni linaloonekana hata likiwa nakala moja ndilo linaloenda mbio, na ndiyo maana mabadiliko ya rangi tuliyowahi kuyashuhudia yakitokea haraka mara nyingi ni ya aina hiyo.

Sasa twende Muheza, kwenye machungwa. Kipepeo Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, hutaga yai mojamoja kwenye jani changa. Kiwavi anapitia hatua 5 na anajivua ngozi kila anapohama hatua. Katika hatua 4 za mwanzo ana rangi ya kahawia iliyokoza, mng'ao wa kitu kibichi, na mkanda mweupe katikati ya mwili. Ukimtazama kwa umbali wa mkono ni kinyesi cha ndege kabisa. Tena anakaa juu ya jani, peupe, pale ambapo kinyesi kingedondokea. Angejibanza chini ya jani, sura hiyo isingemsaidia kitu. Kwa hiyo kinachorithiwa ni rangi pamoja na tabia ya kuchagua pa kukaa; ukigawa viwili hivyo, hakuna kinachobaki.

Hatua ya 5 mambo yanageuka. Anakuwa wa kijani, na michirizi ya kahawia iliyolala kwa mshazari inamkata umbo, jicho lisimfuate kutoka kichwani hadi mkiani. Anafika sentimita 4 hadi 5. Kinyesi cha shore hakifiki urefu wa kidole, kwa hiyo ule uigizaji wa zamani ungemponza.

Je, anaamua? Watafiti wa Japani walilifanyia kazi jambo hili kwa ndugu yake wa Asia, Papilio xuthus, wakatoa majibu 2008. Kuna homoni inayomweka mdudu katika utoto. Ikiwa juu, ngozi inayofuata inakuwa ya "kinyesi". Ikishuka mwanzoni mwa hatua ya 4, ngozi inayofuata inakuwa ya kijani. Ukimpaka kemikali inayofanya kazi kama homoni hiyo wakati huo, anaingia hatua ya 5 akiwa bado na sura ya kinyesi. Saa iko mwilini, akili haihusiki.

Pale inaposhindwa: nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai na pupa za vipepeo hawa hawatafuti kwa macho, wanafuata harufu. Rangi ifanane na jani kwa asilimia 100, mbele ya nyigu ni kazi bure. Kiwavi ana silaha nyingine, pembe laini mbili za rangi ya chungwa zinazochomoka nyuma ya kichwa akiguswa na kutoa harufu kali, lakini hiyo inatumika akishaonekana.

Na kwa wenye miche kitaluni: usimtafute kiwavi, tafuta kazi yake. Angalia jani changa lililoliwa kuanzia ukingoni, halafu punje za kinyesi chake kwenye majani ya chini. Panda kwa macho kutoka hapo. Mche mdogo ukiwa na viwavi 2 au 3 wa hatua ya mwisho unabaki vijiti, ila kuwaokota kwa mkono kunatosha.

#3 MzeeWaJarife

Mwalimu na wenzako, nimefuatilia. Maswali mawili ya baharini.

Kwanza pweza. Nasikia wataalamu wanasema pweza haoni rangi. Sasa anajigeuza vipi afanane na jiwe lenye nyekundu, kijani na hudhurungi?

Pili, samaki wa maji ya juu, nguru, jodari, vibua, karibu wote mgongo umekoza na tumbo jeupe. Huyo amejificha na nini wakati huko hakuna jiwe wala mwani?

#4 BintiKigombe

Shikamoo mzee.

Nianze na pweza. Yule wa kwenye miamba yetu ni Octopus cyanea, na tofauti na pweza wengi wa nchi nyingine, yeye anatembea mchana. Anatafuta kaa wakati kolekole, chewa na mikunga nao wana macho na mwanga wa kutosha, kwa hiyo kujificha kwake hakuna mchezo.

Ngozi yake ina tabaka. Juu kabisa kuna vifuko vya rangi, vya njano, nyekundu na kahawia. Kila kifuko kimezungukwa na misuli iliyojipanga kama miale, na misuli hiyo inapokea mishipa ya fahamu moja kwa moja kutoka kwenye ubongo. Misuli ikivuta, kifuko kinatanuka na rangi inaonekana. Ikilegea, kinarudi kuwa nukta. Ndiyo maana anabadilika chini ya sekunde moja; hakuna homoni inayosafirishwa na damu hapo. Chini ya vifuko kuna seli zinazoakisi mwanga: nyingine hutoa kijani na buluu, nyingine hurudisha tu mwanga mweupe ulioko. Na jibu la swali lako linaanzia hapo. Sehemu ya rangi hiyo haitengenezi. Anaiazima kwenye mwanga uliomzunguka, hata kama jicho lake lina aina moja tu ya kipokezi cha mwanga.

La pili, jicho linapima mng'ao na ukubwa wa mabaka. Hivyo ndivyo vinavyomsaliti mnyama kabla ya rangi. Na wekundu majini hufifia katika mita chache za mwanzo, kwa hiyo "nyekundu" anayoikosea kidogo, chewa naye haioni vizuri kule chini. La tatu, ngozi yake inainuka vipele kwa misuli, inapata ukwaru wa jiwe lenye mwani. Rangi ikikosea kidogo, ukwaru unafidia.

Inaposhindwa: pweza anajificha mwili, nyumba haijifichi. Wanaokwenda mwambani bamvua, maji yakipwa, hawatafuti pweza. Wanatafuta shimo lenye vijiwe vilivyopangwa mlangoni na maganda mapya ya kaa na chaza, meupe, hayajaota mwani. Macho ya binadamu yamepita pembeni ya ulinzi wote ule.

Onyo kwa wanaotembea mwambani: samaki-jiwe anatumia mbinu hizo hizo, tena yeye hakimbii ukimkaribia. Ana miiba 13 mgongoni yenye sumu. Vaa viatu vya soli ngumu, ukiburuza miguu badala ya kukanyaga. Ukichomwa, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45 za sentigredi, dakika 30 hadi 90, huku unapelekwa hospitali. Ayapime mwingine kwa mkono wake, kwa sababu mguu wenye maumivu yale hausemi ukweli na unaweza kuungua.

Swali la pili. Samaki akitazamwa kutoka juu, nyuma yake ni kina chenye giza, mgongo uliokoza unapotea humo. Akitazamwa kutoka chini, nyuma yake ni mwanga wa juu, tumbo jeupe linapunguza kivuli chake. Akitazamwa ubavuni, jua linaangaza mgongo na kuliacha tumbo kivulini. Mgongo uliokoza na tumbo jeupe vinafuta tofauti hiyo, mwili wa mviringo unaonekana bapa. Hili Abbott Thayer, mchoraji wa Marekani, alilieleza 1896. Ushahidi ninaoupenda ni kambare wa bonde la Kongo, Synodontis nigriventris, anayeogelea chali. Kwake tumbo ndilo limekoza na mgongo una rangi nyepesi. Rangi imefuata upande wa jua.

#5 MzeeWaJarife

Marahaba binti. Kambare chali huyo kanimaliza.

#6 MziguaHandeni

Mbona mnamruka bingwa mwenyewe? Kinyonga. Mweke kwenye kanga nyekundu anakuwa mwekundu, mweke kwenye jani anakuwa kijani. Hapo mtasemaje kuhusu "hakuna nia"?

#7 NondoWaAmani

Kaka, kwa heshima, mweke kwenye hiyo kanga usubiri mpaka Magharibi. Hatakuwa mwekundu. Akikoza rangi kwenye kanga, ni hasira au woga wa kushikwa.

Rangi ya kinyonga inafanya kazi hivi. Chini ya tabaka la rangi ya njano kuna seli zenye fuwele ndogo sana za gwanini, dutu ile ile inayotia magamba ya samaki fedha. Fuwele zikiwa zimekaribiana, zinarudisha mwanga wa buluu. Buluu ikipita kwenye njano unapata kijani. Mnyama akichemka, nafasi kati ya fuwele inatanuka, mwanga unaorudi unahamia kwenye njano na nyekundu. Hili lilipimwa Geneva na kutangazwa 2015 kwa kinyonga wa Madagaska, Furcifer pardalis. Tabaka jingine la chini lina fuwele kubwa zaidi zinazorudisha joto la jua.

Sababu za kubadilika ni hizi: dume kukutana na dume, jike kukataa dume, baridi ya asubuhi (anakoza ili anywe jua), joto la mchana (anapauka). Utafiti wa vinyonga wadogo wa kusini mwa Afrika, uliotoka 2008, ulilinganisha spishi nyingi ukakuta kwamba wanaobadilika sana si wale wanaoishi kwenye mandhari ya rangi nyingi. Ni wale ambao madume wao wana rangi za kujionyesha zinazojitokeza zaidi mbele ya macho ya wenzao. Uwezo wa kubadilika haraka umekuzwa zaidi na maongezi kati yao.

Kujificha kwake kuko kwenye rangi ya kawaida ya kutulia, mwili bapa, na ule mwendo wa kuyumba unaofanana na jani linalopepea. Na kama unataka bingwa wa kujificha katika vinyonga, shuka kwenye majani makavu ya misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Kuna Rieppeleon brevicaudatus, urefu wa sentimita 8 hivi, mkia mfupi, hana rangi za sherehe. Ni jani kavu lenye miguu, na mistari ubavuni kama mishipa ya jani. Ukimshika anatetema tu. Huyo habadiliki sana, na hana haja.

Kwa faida ya anayeandika notsi, tutenganishe mwendo wa mabadiliko. Pweza anabadilika kwa sekunde, kwa neva. Kiwavi wa mchungwa anabadilika mara moja maishani, kwa homoni. Kuna kipepeo wa kahawia, Bicyclus anynana, aliyechunguzwa sana Malawi: kiwavi akikulia kwenye joto la nyuzi 27 anatoka kipepeo wa msimu wa mvua mwenye duara kubwa kama macho kwenye mbawa, akikulia kwenye nyuzi 20 au chini anatoka wa kiangazi ambaye duara hizo ni ndogo mno au hazipo, rangi ya majani yaliyokufa. Jeni ni zile zile, kilichobadilika ni joto. Wote hawa ni mnyama mmoja ndani ya maisha yake. Uteuzi asilia ulifanya kazi nyuma ya pazia, kwa kuchuja ni nani ana mwili wenye uwezo huo na nani hana.

#8 Raskazone_Kwanza

Mfano mkuu wa vitabuni, wa nondo wa Uingereza (masizi ya viwanda yalitia miti weusi, ndege wakala nondo weupe, weusi wakaongezeka), nilisoma ulikuwa feki. Nondo waligandishwa kwenye mti wapigwe picha. Mnaendelea kuufundisha?

#9 MwlPongwe

Tunaufundisha, na sasa una nguvu kuliko zamani.

Picha nyingi ni kweli zilipangwa, kwa nondo waliokufa. Zilikuwa za kuonyesha tofauti ya rangi, hazikuwa data. Data ni hizi. Nondo mweusi wa Biston betularia alirekodiwa Manchester 1848. Kufika 1895 weusi walikuwa karibu asilimia 98 mjini humo. Sheria ya hewa safi ilipotoka 1956 na masizi kupungua, weusi nao wakaanza kupungua.

Majaribio ya miaka ya 1950 yalikuwa na kasoro halisi: nondo wengi mno waliachiwa mahali pamoja, na waliwekwa kwenye mashina wakati wenyewe hupenda matawi. Michael Majerus wa Cambridge akarudia upya, akaachia nondo 4,864 kwa idadi ndogo ndogo kwa miaka kadhaa, akawaacha wachague pa kukaa usiku, asubuhi akahesabu waliobaki na kuangalia ndege wanaokula. Alifariki 2009, wenzake wakatoa matokeo 2012. Weusi walipungukiwa uwezekano wa kupona kwa karibu asilimia 10 kwa siku. Zingatia, kwa siku. Hesabu yangu pale juu ilikuwa asilimia 10 kwa kizazi kizima.

Na 2016 jeni lenyewe likapatikana: kipande cha DNA chenye herufi karibu 22,000 kilichojipachika ndani ya jeni liitwalo cortex, makadirio yakiwa tukio hilo lilitokea mwaka 1819 hivi. Nakala moja inatosha kumfanya nondo mweusi. Hapo ndipo sharti la NondoWaAmani linapotimia.

#10 Njia_ya_Saadani

Nyongeza ambayo naona inakosekana: kila mahali hapa mnasema "anaonekana" bila kusema na nani.

Binadamu ana aina 3 za vipokezi vya rangi. Ndege wengi wana 4, pamoja na cha mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni. Swala, pongo, nyati na paka wote wa porini wana 2. Nyekundu na kijani kwao haziachani vizuri. Ndiyo maana chui wa manjano anaweza kumnyemelea pongo kwenye kichaka cha kijani: kwetu sisi anawaka, kwa pongo ni vivuli vya rangi moja, na madoa yamevunja umbo. Fulana ya chungwa inayopigiwa kelele na watalii haimshtui pongo hata kidogo, anachoshtuka ni mtu kujongea.

Punda milia ndiye anayepotosha wengi. Watafiti walipiga hesabu kwa uwezo wa macho ya simba, 2016, wakapata kwamba ikizidi mita 50 mchana, au 30 jua likizama, mistari haionekani. Punda ni kijivu kama mnyama mwingine. Na akiwa karibu kiasi hicho simba ameshamsikia na kumnusa. Maelezo yenye ushahidi zaidi ni inzi wanaouma, mbung'o na jamaa zake. Jaribio la Uingereza lililotoka 2019 liliwavika farasi makoti ya mistari: inzi walikuja vile vile, lakini wakashindwa kutua, wakapita au kujigonga. Kwenye kichwa kisichovikwa walitua kama kawaida.

Kwa ndege, mpasuasanda ni mfano mzuri, yule wa usiku anayelala chini mchana na hajengi kiota. Utafiti wa Zambia ulikuta kila mmoja anachagua pa kulala panapofanana na manyoya yake mwenyewe kuliko sehemu nyingine za jirani. Na mayai ya wale ambao rangi yao haikulingana na ardhi yaliliwa zaidi. Huo ni uteuzi unaoonekana ndani ya msimu mmoja.

#11 NondoWaAmani

Umenigusia upande wa pili bila kujua. Kuna wanaopona kwa kuonekana waziwazi. Papilio dardanus wa misitu ya Usambara: dume ni manjano hafifu mwenye mikia kwenye mbawa. Jike hana mikia, na ndani ya kundi moja majike wana sura kadhaa, kila sura ikiiga kipepeo mwingine mwenye sumu, mfano Amauris niavius mweusi na mweupe. Tofauti zote hizo ziko kwenye eneo moja la jeni, karibu na jeni liitwalo engrailed.

Hapa idadi ndiyo mtego. Waigaji wakiwa wachache, shore akionja mmoja mwenye sumu anawaogopa wote. Wakizidi, ndege anaonja wasio na sumu mara nyingi, anajifunza kwamba ni chakula. Kwa hiyo sura ikizagaa inapoteza thamani, na sura adimu inapanda. Uteuzi wa namna hiyo haumalizii kwenye asilimia 99 kama hesabu ya mwalimu; unaziacha sura kadhaa ziishi pamoja. Madagaska majike wa spishi hii wanafanana na dume tu.

#12 MzeeWaJarife

Na silikanti, yule samaki wa kale, je? Anaingia kwenye jarife za kina kirefu, hifadhi imetangazwa hapa Tanga 2009, na kila mgeni anasema hajabadilika tangu enzi za dinosaria. Huyo uteuzi ulimsahau?

#13 BintiKigombe

Haukumsahau mzee, ulimshikilia. Mazingira yasipobadilika sana, anayetoka nje ya mstari ndiye anayeondolewa, na umbo linabaki pale pale. Halafu "hajabadilika" yenyewe imetiwa chumvi: samaki wa leo si spishi ile iliyoko kwenye mawe, hata jenasi (kundi la spishi ndugu) ni nyingine. Jenomu yake, yaani urithi wake wote, iliyosomwa 2013 ilionyesha jeni za protini zinabadilika polepole, hazijasimama.

Na amejificha pia. Mchana hukaa kwenye mapango na miamba ya kina kirefu. Mwili wa buluu iliyokoza wenye mabaka meupe unaendana na ukuta wa pango wenye giza uliogandwa na maganda meupe. Mabaka hayo hayafanani kati ya samaki na samaki. Watafiti wa Komoro waliyatumia kuwatambua mmoja mmoja.

#14 Tchr_Korogwe

Mwl Pongwe, naomba zoezi la darasani. Maabara hakuna, wanafunzi 40, vipindi viwili.

#15 MwlPongwe

Vipindi viwili vinatosha. Vifaa kwa kila kikundi cha wanafunzi 5: kanga moja yenye maua mengi madogo (yenye uwanja mpana wa rangi moja haifai), karatasi za manila rangi 4, punchi ya karatasi, vikombe 5, gundi ya karatasi. Rangi 2 ziwe zimo kwenye kanga, 2 zisiwemo.

Toboa vipande 25 vya kila rangi, jumla 100. Tandaza kanga mezani, ikaze kwa gundi pembe nne isibaki na mikunjo. Mmoja amwage vipande na kuvitawanya wengine wakiwa wamegeuka. Kisha kila mmoja ageuke, achukue kipande cha kwanza anachokiona, kimoja tu, akitie kikombeni, ageukie ukutani, arudi tena. Kila mtu achukue 15. Watano mara 15 ni 75, wamebaki 25. Kung'uta kanga, hesabu waliobaki kwa rangi. Kila aliyebaki apate watoto 3 wa rangi yake: 25 na watoto 75, mmerudi 100. Fanya vizazi 3, halafu badilisha kanga, vizazi vingine 2. Hapo wataona rangi iliyokuwa inashinda ikianza kuliwa, na kwamba rangi iliyokwisha kabisa hairudi hata mazingira mapya yangeifaa.

Yanayoharibu: feni na madirisha upande wa upepo. Vipande kugandana viwili viwili, hivyo vichambue kabla. Kupapasa kwa kiganja badala ya kutazama. Kutumia choroko, kunde na maharage badala ya karatasi. Ukubwa unatofautiana na zinabingirika, mwanafunzi anachagua umbo na wewe unadhani amechagua rangi.

Kubwa kuliko yote ni bahati. Hata kama macho hayachagui chochote, kikundi kimoja kitabakiwa na vipande 6 hivi vya kila rangi, lakini kupata 3 au 10 ni kawaida tu. Kwa hiyo kikundi chenye 9 za kijani na 4 za nyekundu hakijathibitisha kitu. Jumlisha vikundi vyote 8: hapo matarajio ni 50 kwa kila rangi, na ukipata chini ya 39 au zaidi ya 61 una haki ya kusema macho yamechagua.

#16 Tchr_Korogwe

Nimejaribu mezani na walimu wenzangu, kizazi cha kwanza tu. Rangi zote zimebaki karibu sawa, 7, 6, 6, 6. Kosa liko wapi?

#17 MwlPongwe

Mambo mawili ya kukagua. Kama mlikuwa mmekaa na kuinama juu ya meza, macho yako sentimita 30 kutoka kwenye kanga. Hapo kila kitu kinaonekana na hakuna uteuzi. Simameni, meza iwe usawa wa goti, au tandazeni sakafuni. Na wekeni muda: sekunde 2 kwa kila zamu, mmoja ahesabu kwa sauti. Mtu akipewa nafasi ya kutafuta anaanza kuchagua kwa zamu, kijani kisha nyekundu, apate kuwa "wa haki". Muda ukibana, anachukua kinachomrukia machoni. Kama bado zinalingana, kanga yenu ina rangi zote nne. Shika kipande kimoja kimoja ukilaze juu ya ua, utakiona.